Askari Mashuhuri na Swali la Utii Asipokuwapo

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamerithishana bila kuyamaliza ni lile la thamani ya utii unaotokana na hofu, yaani iwapo mtu anayejizuia kutenda kosa kwa sababu tu kuna anayemwangalia amekwisha kutii, au ameahirisha uasi wake hadi macho hayo yageukie kwingine. Swali hili hupata sura ya pekee linapoelekezwa kwa askari wa barabarani aliyepata umaarufu mkubwa, yule ambaye jina lake hufika kabla ya gari lake, ambaye madereva humsimulia stendi na kwenye mabanda ya chai hadi kimo chake, nguvu zake na vituko vyake vinapita yale ambayo binadamu wa kawaida angeyaweza. Jamii humsifu askari wa namna hii kwa kuwa barabara hutulia akiwa zamu, na insha hii inahoji utulivu huo ni wa nani, na kama sifa hiyo imemfikia anayeistahili.

Mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu umekaa juu ya barabara inayobeba watu wengi kuliko wenyeji wake. Barabara ya Singida, Babati na Minjingu, yenye urefu wa kilomita 223 na ushei, iliwekwa lami kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, na tangu hapo mji huu ulio chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umekuwa mapito ya mabasi yaendayo Arusha na Mwanza, malori ya vitunguu na nafaka, magari ya ng'ombe wa mnadani, bodaboda, na wachungaji wa Kidatoga wanaovusha mifugo yao bila kuuliza kibao kinasema nini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huyataka magari yapite kwenye makazi kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, na huyawekea mabasi na malori ukomo wa kilomita 80 nje ya makazi. Anayekiuka hutozwa faini ya papo kwa papo ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Kifaa cha kupimia mwendo huitwa tochi na watu wote wa barabarani, na askari wanaokishika wakaitwa wazee wa tochi. Madereva nao wana jibu lao: anayetoka walipo askari humwashia taa anayekwenda huko, na kwa ishara hiyo moja madereva wa makampuni mawili yanayogombea abiria asubuhi nzima huwa ndugu kwa sekunde tatu.

Ishara hiyo ya taa, ambayo kila abiria ameizoea kiasi cha kutoiona tena, ni tendo lenye maana nzito kimaadili. Dereva anayewashiwa taa haambiwi kwamba mbele kuna watoto wanaotoka shuleni au mteremko uliokula magari, bali anaambiwa kwamba mbele kuna mtu, na kwa hiyo sheria, ambayo kwa maandishi yake imeenea nchi nzima usiku na mchana, hugeuka kuwa mahali, kipande cha barabara chenye mwanzo na mwisho, kinachohama kila askari anapohama. Plato, katika mabishano yaliyomo kwenye kitabu chake kuhusu dola, aliweka kinywani mwa Glaucon kisa cha Gyges, mchungaji aliyeokota pete iliyomfanya asionekane, akatumia kutoonekana huko kumuua mfalme na kutwaa ufalme wake. Hoja ya Glaucon ilikuwa kwamba mwenye haki na mdhalimu wangefanana kabisa kama kila mmoja angepewa pete kama hiyo. Madereva wa Tanzania hawakuhitaji pete, kwa kuwa taa za gari linalokuja huwaambia kwa usahihi ni wapi wataonekana, na sehemu nyingine zote zilizosalia wanabaki na pete kidoleni.

Katika mazingira hayo ndipo askari mashuhuri huzaliwa. Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber, ambaye kazi yake kuu ilichapishwa mwaka 1922 baada ya kifo chake, alitofautisha mamlaka yanayotokana na sheria na ofisi, mamlaka yanayotokana na mila, na yale aliyoyaita ya karisma, yaani mamlaka ambayo watu humpa mtu kwa kuamini kwamba ana kipawa kisicho cha kawaida. Askari wa kawaida hutiiwa kwa sababu ya sare yake nyeupe na kitabu chake cha faini. Aliyekuwa gumzo hutiiwa kwa sababu ni yeye, na hata akivaa kaptura na kandambili akanunua nyanya sokoni, madereva wataendelea kukaza mikanda. Weber alionya pia kwamba mamlaka ya karisma hayarithiki kwa urahisi, kwa kuwa mwenye nayo akiondoka, wafuasi hulazimika ama kutunga taratibu zitakazochukua nafasi yake au kurejea walikokuwa.

Afrika Mashariki imepata kuwa na mtu mmoja aliyetimiza sura hii kwa ukamilifu unaotisha, ingawa hakuwa trafiki bali mlinzi wa barabara za jiji. Patrick Shaw, Mwingereza aliyefika Kenya katika muongo wa mwisho wa ukoloni, alikuwa msaidizi wa Geoffrey Griffin katika Kituo cha Wavulana cha Starehe jijini Nairobi, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wasio na makao, na wakati huohuo alikuwa askari wa akiba wa polisi, yaani raia anayejitolea kufanya kazi ya polisi bila kuwa mwajiriwa wa kudumu wa jeshi hilo. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno, aliyesifika kwa kulala saa chache sana, na kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 1988, alizunguka mitaa ya Nairobi usiku kucha kwa gari akifuatilia redio ya polisi na kuwasaka wanyang'anyi wa mabenki na wezi wa magari. Watuhumiwa wengi walipoteza maisha kwa risasi zake bila kufikishwa mahakamani, na wakazi wa Nairobi waliokuwa watoto wakati huo bado wanasimulia jinsi jina lake lilivyotumiwa na wazazi kuwanyamazisha.

Jambo linalomsumbua mtafiti wa maadili kuhusu Shaw ni kwamba haiwezekani kumweka upande mmoja. Hakuna anayedai kwamba alijitajirisha. Hakuwa na familia ya kuitafutia mali, na mchana alikuwa akiwatumikia watoto wa maskini, wengine wakiwa wametoka katika mitaa ileile alikowasaka wahalifu usiku. Rushwa, ambayo ndiyo lawama ya kwanza inayowajia watu wa Afrika Mashariki wanapotajiwa polisi, haikumgusa, na hapo ndipo umaarufu wake ulipopata rutuba, kwa kuwa jamii iliyozoea kuona sheria ikinunuliwa kwa hela ya soda humshangilia kwa dhati yeyote asiyenunulika, hata kama mikono yake ina damu. Lakini kutonunulika si sawa na kuwa mwadilifu. Mtu aliyejikusanyia kazi ya kukamata, kazi ya kuhukumu na kazi ya kunyonga, hata akizifanya zote bila kupokea senti, ameinyima jamii kitu ambacho hakuna usafi wa mfuko unaoweza kukilipa, nacho ni nafasi ya mtuhumiwa kusikilizwa na nafasi ya jamii kugundua kwamba imekosea mtu. Katika hili, usafi wa Shaw ulikuwa hatari kuliko ulafi wa askari wa kawaida, kwa sababu mlafi hushukiwa na kila mtu, na msafi hakaguliwi na yeyote.

Marekani nako kuna mfano uliochukua muda mrefu zaidi kutoa funzo lake. Buford Pusser, mkuu wa polisi wa wilaya ya McNairy katika jimbo la Tennessee kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, mtu wa kimo kikubwa aliyepambana na magenge yaliyokaa kwenye barabara za mpaka wa jimbo hilo, alitungiwa filamu mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1974 na kuendelea kuenziwa kama shujaa ambaye mke wake aliuawa na maadui zake mwaka 1967. Mwaka 2025 waendesha mashtaka wa huko walitangaza kwamba ushahidi uliochunguzwa upya ungetosha kumshtaki Pusser mwenyewe kwa mauaji ya mke huyo kama angekuwa hai. Mahakama haitamhukumu kamwe, na hilo ndilo tatizo: umaarufu ulimkinga kwa zaidi ya nusu karne, na maswali yalipofika, hapakuwa na wa kuyajibu.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa kale zaidi wa askari wa doria, na mfano huo una kina kuliko hii miwili. Khalifa Umar bin Khattab, aliyeongoza dola ya Kiislamu kuanzia mwaka 634 hadi 644, alisifika kwa kuzunguka mitaa ya Madina usiku akisikiliza hali za raia wake, na alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti na mjeledi, aliyeogopwa kiasi kwamba mapokeo yanasema hata shetani akimwona njiani hushika njia nyingine. Simulizi mbili kuhusu doria hizo, zote zikiwa maarufu misikitini na madrasani, zinabeba uzito wa swali lote linalojadiliwa hapa. Katika ya kwanza, Umar alisikia kelele za anasa ndani ya nyumba, akapanda ukuta na kumkuta mwenye nyumba katika maasi. Mtu huyo, badala ya kuomba radhi tu, alimkumbusha Khalifa kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Umar amemwasi kwa matatu, kwa kuwa Kurani imekataza upelelezi wa siri za watu, imeagiza nyumba ziingiwe milangoni, na imeamuru mgeni abishe hodi na kutoa salamu. Umar alimwacha.

Katika simulizi ya pili, Khalifa akiwa ameegemea ukuta usiku alimsikia mama mmoja akimwagiza binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyapeleka sokoni, na binti akajibu kwamba Amiri wa Waumini amekataza. Mama akasema kwamba Umar hawaoni. Binti akajibu kwamba kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona, na simulizi huendelea kwamba Khalifa alimwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na kwamba Umar bin Abdulaziz, mtawala aliyesifika kwa uadilifu, alitokana na kizazi chao. Wahubiri wengi huisimulia kama kisa cha uchamungu wa binti, na ni haki yao, lakini kisa hiki kina upande mwingine usiotazamwa sana, kwamba Umar alisikia kwa masikio yake mwenyewe hukumu juu ya kazi yake ya doria. Mama alikuwa zao la doria hizo: alimtii Umar pale tu alipokuwapo, na aliyajua mapengo ya zamu yake kama dereva anavyojua saa ambazo wazee wa tochi hurudi kula. Binti hakuwa zao la doria kwa namna yoyote, na ajabu ya Umar, ile inayomtofautisha na mashujaa wengine wa hofu, ni kwamba alitambua kuwa binti amempita, akamheshimu kwa sababu hakumhitaji.

Wanazuoni wa baadaye waliiweka kazi hii katika mfumo unaoitwa hisba, yaani usimamizi wa mema na uzuiaji wa maovu hadharani, na mwenye kuisimamia akaitwa muhtasib. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliorodhesha miongoni mwa kazi za muhtasib kuzuia vyombo vya majini visipakie kupita kiasi, kuwazuia manahodha wasiondoke upepo ukiwa mkali, na kuwatetea wanyama wasibebeshwe mizigo wasiyoiweza, mambo ambayo askari wa mizani ya malori angeyatambua mara moja kuwa ni kazi yake. Muhimu zaidi, al-Mawardi alimtofautisha muhtasib aliyeteuliwa na mtu anayejitolea kukataza maovu kwa hiari yake, akieleza kwamba wa pili anaweza kuonya, lakini hana mamlaka ya kuadhibu. Kwa kipimo hicho cha karne ya 11, askari wa akiba wa Nairobi anayejitolea na wakati huohuo kuua amevuka mpaka mara mbili, kwa kuwa hata muhtasib mwenyewe, pamoja na cheo chake, hakuruhusiwa kufikia adhabu za kadhi.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliongeza sharti kwamba uovu unaozuiwa uwe upo, uwe dhahiri bila kupelelezwa, na uwe unajulikana kuwa ni uovu bila kuhitaji mabishano ya wanazuoni, na ndiye aliyeisimulia hadithi ya Umar na ukuta ili kulithibitisha sharti hilo la pili. Hapa panafaa kugusa kidogo malalamiko ambayo kila dereva wa Tanzania anayo, kwamba askari hujificha vichakani na tochi, jambo ambalo hata viongozi wa serikali wamepata kulikemea. Kwa vigezo vya al-Ghazali, mwendo kasi barabarani ni uovu wa dhahiri, hauko ndani ya nyumba ya mtu, na kuupima si kupanda ukuta, kwa hiyo dereva anayejitetea kwa hoja ya faragha hana msingi. Hata hivyo askari anayejificha amekiri jambo moja bila kujua: hatafuti mwendo wa pole, anatafuta kosa, kwa kuwa kama angetaka magari yapunguze mwendo, angesimama mahali anapoonekana. Kazi ya kwanza huacha barabara salama, ya pili huacha stakabadhi.

Ukristo, ambao una waumini wengi Hanang kupitia Walutheri na Wakatoliki, umelijadili jambo hili kwa msamiati mwingine. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, alikubali kwamba mtawala ni tishio kwa mtenda maovu na si kwa mtenda mema, lakini mara moja akaongeza kwamba utii kwake usiwe kwa sababu ya ghadhabu tu, bali pia kwa ajili ya dhamiri. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliufafanua uhusiano huo kwa kutofautisha hofu ya mtumwa, anayeogopa fimbo, na hofu safi ya anayependa na kuogopa kumpoteza ampendaye. Wala hakuidharau ya kwanza, kwani aliifananisha na sindano inayotangulia kuingia kwenye nguo ili uzi ufuate, na ambayo lazima itoke ili uzi ukae. Hilo ndilo jibu bora kwa Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1785 alisema kwamba mwenye duka asiyempunja mtoto kwa kuogopa kuharibu biashara yake ametenda kulingana na wajibu, lakini hakutenda kwa ajili ya wajibu, na kwa hiyo tendo lake halina thamani ya kimaadili.

Msimamo wa Kant, ukipelekwa barabarani ukiwa mtupu, unakuwa wa kikatili. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule kutoka Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mzazi aliyemzika mtoto wake hana haja ya kujua kama dereva wa kesho atapunguza mwendo kwa dhamiri au kwa hofu ya faini, anataka apunguze. Barabara ni mahali ambapo tendo la nje lina uzito wake lenyewe, kwa kuwa gari la tani nyingi halibadilishi uzito wake kulingana na nia ya anayeliendesha, na kwa sababu hiyo askari anayeogopwa, akiwa kazini kwa haki, anaokoa maisha ambayo mahubiri hayajayafikia. Hoja hii haipaswi kupuuzwa na wanaofundisha maadili wakiwa wamekaa. Lakini ni hoja ya sindano, na anayeisifu sindano kiasi cha kuiacha ndani ya nguo hajashona kitu.

Kwa watu wa Hanang swali hili lina historia chungu, na mtu anayehubiri utii wa sheria huko bila kuijua historia hiyo atasikilizwa kwa adabu tu. Miongoni mwa Wabarabaig, ambao ni kundi kubwa la Wadatoga, kijana aliyemuua simba, tembo au mtu aliyehesabiwa kuwa adui wa watu alipewa ng'ombe na ndugu zake na kupambwa kwa heshima, desturi iliyoelezwa kwa urefu na mwanaanthropolojia George Klima katika kitabu chake cha mwaka 1970. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijibu kwa kunyonga watu na kutoza jamii nzima faini za mifugo, hata wasiohusika. Baada ya uhuru, mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua makumi ya maelfu ya hekta za malisho katika nyanda za Basotu, na makaburi ya wazee yakalimwa kwa trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Jamii iliyokutana na sheria kwa sura ya kamba, faini ya pamoja na trekta inaelewa hofu vizuri sana, na si haki kuishangaa ikiwa haijaelewa dhamiri ya sheria hiyo.

Ila jamii hiyohiyo ilikuwa na sheria yake iliyotembea bila askari. Klima aliandika habari za baraza la wanawake wa Kibarabaig, girgwageda gademga, ambalo hukutana mwanamume anapowadhalilisha wanawake kwa namna zilizokatazwa, husikiliza shauri, na likimwona ana hatia humtoza faini ya fahali, na anayekataa hujiweka mbele ya laana. Hakuna bunduki katika mchakato huo, wala hakuna mwanamke mmoja ambaye jina lake huogopwa kuliko wenzake, kwa kuwa anayehukumu ni baraza, na nguvu yake inatokana na kwamba mkosaji mwenyewe anaamini hukumu hiyo ina macho juu yake hata akiwa peke yake porini. Majirani zao Wairaqw humfikiria Mungu, Looa, kama mama anayehusishwa na jua, na Wadatoga nao wana Aseeta aliye juu. Kwa wote wawili anayeona kila kitu si mtu wa zamu. Si kusudi la insha hii kuupamba mfumo wa jadi, ambao ulikuwa na ukatili wake, na laana inaweza kuwa udhalimu kama risasi. Kinachotazamwa ni kwamba ulifika mahali ambapo doria haifiki.

Wabarabaig wana pia namna yao ya kumfanya mtu kuwa mkubwa kuliko umri wake. Mzee mwenye heshima, watoto na mifugo, aliyekubalika na ukoo, anapofariki hufanyiwa mazishi makubwa yanayoitwa bung'ed, ambapo kilima cha udongo hupandishwa juu ya kaburi lake hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, watu wakija na kuondoka, pombe ya asali ikinywewa na maisha yake yakizungumzwa. Ukuu wa mzee huyo hujengwa akiwa hawezi tena kumtisha mtu, na hujengwa na wale waliomjua, ambao wangeweza kukataa. Askari mashuhuri hupewa kilima chake akiwa hai, silaha ikiwa kiunoni, na wanaokipandisha ni pamoja na wale wanaomwogopa. Sifa inayotolewa katika hali hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi.

Wapo waliopendekeza kwamba dawa ni kumwondoa binadamu kabisa. Mjini Kinshasa, kuanzia mwaka 2013, roboti kubwa zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake zilisimamishwa kwenye makutano ya barabara kuongoza magari, na baadhi ya madereva walizisifu kwa sababu hazipokei chochote mkononi. Tanzania nayo imeyafungia mabasi ya mikoani vifaa vinavyotuma mwendo wao kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Hatua hizi zina faida isiyobishaniwa, ila kifalsafa hazijajibu chochote, kwa kuwa zimepanua tu zamu hadi ifike saa 24, na dereva aliyekuwa akimtafuta askari kwa macho sasa anatafuta fundi wa kukata waya. Roboti haina karisma, na hilo ni jema, lakini haina pia uwezo wa Umar wa kuona aibu juu ya ukuta na kuondoka.

Tarehe 3 Desemba 2023 maji na tope kutoka Mlima Hanang viliporomoka juu ya Katesh, Jorodom, Gendabi na maeneo ya jirani, vikaua zaidi ya watu 80, vikafukia nyumba na maduka na kuifunga barabara kuu. Askari wa jeshi, polisi na zimamoto pamoja na wananchi walichimba tope siku nyingi wakitafuta miili na kufungua njia, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka simulizi la mabanda ya chai, kwa kuwa kazi yao haikumtisha mtu. Wakazi wanaoomba utumishi wa polisi uwe bora wangekuwa na haki ya kuomba wa namna hii uongezwe, na wa namna ya Shaw usiongezwe hata kama unaahidi usiku mmoja wa amani.

Na kuhusu Shaw mwenyewe, hukumu haiwezi kukwepwa kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa mambo mawili. Kituo cha Starehe alichokitumikia mchana kiliendelea baada ya kifo chake, kikilea na kusomesha watoto ambao hawakuwahi kumwona, kwa taratibu zisizomhitaji. Barabara alizozitumikia usiku hazikubaki na kitu: katika miaka ya 1990 Nairobi ilipitia wimbi la ujambazi ambalo wahusika wake walikuwa maarufu kuliko polisi waliowasaka, na mauaji ya watuhumiwa bila mahakama yakabaki kuwa mazoea ambayo Kenya inayalipia hadi leo. Alifaulu Starehe na akashindwa barabarani.